Kocha wa Chuo na Kalenda Isiyo Yake

Mazungumzo ya leo yanahusu kazi ambayo wapita njia wengi huitazama jioni kupitia ua wa chuo bila kujiuliza inaendeshwaje: kazi ya kocha wa kandanda chuoni, yaani mtu anayeajiriwa, au pengine anayeombwa tu, kuifundisha timu ya soka ya chuo kikuu, ya chuo cha ufundi au ya chuo cha ualimu.

Swali la kwanza ni jepesi kwa sura yake. Je, ni kitu gani kinachomtofautisha kocha wa chuo na kocha wa klabu kama Gor Mahia au AFC Leopards? Wengi watajibu kwamba ni mshahara, na jibu hilo lina ukweli wake, ingawa haligusi shina la jambo. Shina lenyewe ni kalenda. Kocha wa klabu hufuata kalenda ya ligi, ambayo ilitungwa kwa ajili ya mpira, ilhali kocha wa chuo hufuata kalenda ya masomo, iliyotungwa na seneti ya chuo, yaani baraza kuu la wasomi, pasipo mtu yeyote mezani kuufikiria mpira. Jambo hilo litarudiwa mara kadhaa leo, kwa kuwa karibu kila taabu ya kazi hii, na karibu kila ustadi wake, hutoka humo.

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ukitoka Nairobi, ukayapita maeneo ya Kangemi na Uthiru na kuendelea upande wa magharibi, utafika Kikuyu, iliko Shule ya Upili ya Alliance, ambayo kuanzia mwaka 1940 hadi 1962 iliongozwa na Edward Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge aliyekuwa ameanza kazi yake nchini Kenya huko Maseno mwaka 1928, na ambaye sifa yake ya kufundisha hesabu iliandamana na sifa ya kupenda kandanda. Katika shule ya namna ile kocha alikuwa mwalimu, mwalimu aliishi ndani ya shule, na wanafunzi walilala karibu na uwanja. Saa ya michezo ilikuwa sehemu ya siku kama ilivyokuwa saa ya sala, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani anayemlipa kocha, kwa sababu alikuwa amekwisha kulipwa kama mwalimu.

Vyuo vya mjini navyo vilianza kwa mtindo unaokaribiana na huo. Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1956 katikati ya mji, ambacho mwaka 1970 kilipata hadhi kamili kikaitwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilikuwa na wanafunzi wachache waliolala katika mabweni na kula katika bwalo la chuo kwa gharama iliyobebwa kwa sehemu kubwa na serikali. Kocha wa wakati huo alijua mambo mawili kabla hata ya kupuliza kipenga: kwamba wachezaji wake wako karibu, na kwamba wamekula. Mambo hayo mawili, wasikilizaji, yanafaa kukumbukwa, kwa maana yote mawili yaliondoka.

Kwanza ni chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vikuu vya umma vilileta utaratibu wa kila mwanafunzi kulipia mlo wake mwenyewe, na tangu hapo sahani ya mchana ikawa hesabu ya mfukoni, ambayo leo hutegemea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, maarufu kama HELB, ambao unapochelewa huwalazimu wanafunzi wengi kushinda kwa chai na mandazi. Kocha anayemwona winga wake akichoka baada ya dakika ishirini anaweza kudhani kwamba kijana ni mvivu, na kocha mwenye uzoefu hujifunza kuuliza juu ya chakula kabla ya kuuliza juu ya mazoezi, akapunguza mbio za siku ya Alhamisi ikiwa pesa za mkopo hazijaingia. Hiyo ni elimu ya ukocha isiyofundishwa katika kozi yoyote ya shirikisho.

Pili ni makazi na saa. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya wanafunzi wanaojilipia, ambayo kwa kawaida huitwa programu sambamba, na madarasa mengi ya programu hiyo yalipangwa jioni, kuanzia saa kumi na moja unusu hivi, ili mtu aliye kazini mchana apate kusoma. Idadi ya wanafunzi ikapanda kuliko vitanda, wengi wakahamia vyumba vya kupanga Kangemi, Kawangware, Kinoo na Kikuyu, na siku ya mwanafunzi ikakatwakatwa na foleni ya magari. Tazama sasa tatizo la kocha. Nairobi ipo karibu na ikweta, hivyo jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na viwanja vingi vya vyuo havina taa za kuchezea usiku. Mihadhara ya mchana humalizika saa kumi au saa kumi na moja, ile ya jioni huanza muda mfupi baadaye, na katikati ya hayo kuna mwanya mwembamba ambamo timu nzima inatakiwa kufika, kuvaa njumu, kufundishwa na kutawanyika kabla ya giza.

Na wanafika kutoka wapi? Chuo Kikuu cha Nairobi peke yake kimesambaa: sayansi ziko Chiromo, kilimo na utabibu wa mifugo viko Kabete ya Juu, kampasi nyingine iko Kabete ya Chini, elimu iko Kikuyu, na kampasi iliyokuwa zamani chuo cha walimu wa sayansi iko kando ya Barabara ya Ngong. Kipa anaweza kuwa maabara Chiromo huku mabeki wake wawili wakiwa kwenye zizi la ng'ombe Kabete, na mshambuliaji akiwa amekwama ndani ya basi mahali fulani baada ya Westlands. Timu ya klabu hukutana uwanjani. Timu ya chuo hukusanywa, mtu mmoja mmoja, na mara nyingi huwa imetimia pale tu jua linapoanza kushuka.

Ni hapa ambapo ustadi wa kocha wa chuo unaonekana, na inafaa kukaa hapa kidogo, maana wasifu wa magazetini huhesabu vikombe na kuliruka jambo hili. Kocha wa chuo hawezi kuanza na zoezi linalodai wachezaji kumi na mmoja kila upande, kwa sababu hao hawapo. Huanza na duara la pasi, yaani wachezaji wachache wamezunguka na mmoja au wawili katikati wakijaribu kuunasa mpira, kwa kuwa zoezi hilo humpokea mchelewaji bila kuvunjika. Kisha hupanua kuwa mchezo wa watano kwa watano katika eneo dogo, na timu ikishatimia huzimaliza dakika zilizobaki kwa mipira iliyokufa, yaani kona, adhabu za nje ya eneo la hatari na mirusho, mambo ambayo hufundishika kwa muda mfupi na huamua mechi nyingi za vyuo. Mifumo inayodai miezi ya mazoezi ya pamoja, kama ule wa kumkaba mpinzani kwa mpango mbele kabisa ya uwanja, huwaachia wenye muda. Mtazamaji anayekaa jukwaani akilalamika kwamba timu ya chuo inacheza mpira wa kawaida mno hajui kwamba ukawaida huo umechaguliwa kwa kupima saa.

Mazungumzo haya yalisema kwamba kalenda si ya kocha. Je, kalenda yenyewe huwa imara? Hapana. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na wanafunzi waliporudi mwaka 1983 timu yoyote iliyokuwapo ilikuwa imekwisha kusambaratika. Mwaka 2017 na mwaka 2018 migomo ya wahadhiri ilisimamisha masomo katika vyuo vikuu vya umma kwa majuma mengi. Mwezi Machi 2020 janga la korona lilifunga kila lango, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani hadi Januari 2021. Kila mara chuo kinapofungwa, mihula husukumwa mbele na mitihani huangukia majuma ambayo mashindano yalikuwa yamepangiwa, na kati ya mtihani na mechi hakuna mkuu wa idara atakayechagua mechi. Kocha wa klabu hupoteza mchezaji kwa jeraha au kwa kuuzwa; kocha wa chuo hupoteza kikosi kizima kwa tangazo la ukurasa mmoja lililobandikwa ubaoni.

Vyuo vya ufundi vina kalenda iliyo finyu zaidi. Kabete, kando ya Barabara ya Waiyaki, kuna chuo cha kitaifa cha ufundi ambacho mizizi yake inarudi nyuma hadi mwaka 1924, na katikati ya mji, kwenye Barabara ya Haile Selassie, kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, kilichojulikana kwa miongo mingi kama Kenya Polytechnic. Mwanafunzi wa stashahada au wa cheti hukaa muda mfupi kuliko wa shahada, na sehemu ya muda huo huitumia nje ya chuo katika mafunzo kazini, akijifunza kwenye karakana au ofisi ya mtu. Kocha wa taasisi hizi, ambazo mashindano yake husimamiwa na chama chao cha KATTI, anaweza kumpata fundi umeme mwenye mguu wa kushoto wa ajabu, akampanga mechi chache, kisha akamkosa kwa muhula mzima kwa sababu kijana yuko Nakuru akifunga nyaya.

Sasa, wasikilizaji, suala la kuwapata wachezaji. Kocha wa klabu huwatafuta anaowataka. Kocha wa chuo cha umma nchini Kenya huletewa. Wanafunzi hupangiwa vyuo na KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi kwa kufuata alama za mtihani wa kidato cha nne na chaguo la mwombaji, na mfumo huo haujui kwamba timu inahitaji beki wa kati. Kila mwaka wa masomo unapoanza, kocha hutangaza majaribio, wanakuja vijana wenye jezi za shule zao za zamani, mmoja akisema alikuwa kiungo wa Upper Hill, mwingine akisema alikuwa winga wa Dagoretti, na ndani ya majuma mawili aliyejiita winga huonekana kuwa beki bora kuliko wote. Baadhi ya vyuo vikuu vya binafsi hutoa ufadhili wa masomo kwa wanamichezo, na kocha wa chuo cha namna hiyo ana sauti kidogo katika kuchagua, lakini hao ni wachache.

Linganisha na Marekani, ambako kocha wa chuo husafiri kuwatafuta vijana wa sekondari, huwa na fungu la ufadhili la kugawa, na hufanya kazi katika msimu uliofungamanishwa na kalenda ya masomo, ambao huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Desemba. Lawrence Olum, Mkenya aliyezaliwa Nairobi na kucheza katika ligi kuu ya Marekani akiwa na Sporting Kansas City, alipitia njia hiyo ya vyuo kabla ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Huko mtu anaweza kuzeekea katika kazi hii: Anson Dorrance aliifundisha timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha North Carolina tangu mwaka 1979 hadi alipostaafu mwaka 2024, na katikati ya miaka hiyo akaiongoza timu ya taifa ya Marekani kushinda Kombe la Dunia la kwanza la wanawake mwaka 1991. Je, kuna kocha wa chuo Nairobi anayeweza kutazamia miaka arobaini na mitano kwenye benchi moja? Ni vigumu kumwona, na sababu si upungufu wa kipaji.

Sababu ni kwamba ndani ya chuo hakuna ngazi. Makocha wengi wa vyuo hulipwa posho, yaani malipo madogo ya siku au ya muhula yasiyo na bima wala pensheni, au ni watumishi wa idara ya michezo ambao ukocha umeongezwa juu ya kazi ya kutunza vifaa na kuandika barua za kuomba basi. Timu ikishinda, cheo hakipandi, na ikishindwa, hakuna anayefukuzwa, jambo ambalo baadhi ya watu huliona kuwa ni raha, ingawa kazi isiyo na adhabu wala thawabu ni kazi ambayo mwajiri wake hajaamua kama ni kazi.

Kwa hiyo ngazi hujengwa nje. Shirikisho la Soka la Kenya huendesha kozi za leseni za Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, zinazopangwa kwa herufi: D kwa wanaofundisha watoto na timu za mashinani, kisha C, B na A kwa wanaopanda juu, na mashindano makubwa ya klabu yanadai leseni za juu. Kozi hizo zina ada, zina siku kadhaa za kukaa darasani na uwanjani, na kuna vipindi ambapo siasa za soka zimeuvuruga mchezo mzima, kama pale FIFA ilipoisimamisha Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022 baada ya serikali kuuondoa uongozi wa shirikisho.

Kocha wa chuo mwenye nia hutumia Jumamosi zake magharibi mwa mji. Asubuhi yuko na watoto wa akademia, yaani shule ya soka ambayo wazazi huilipia, kwenye viwanja vya Barabara ya Ngong au katika shule za kimataifa za Lavington na Karen, na hapo ndipo hupata pesa za kodi ya nyumba. Mchana yuko Kangemi au Woodley akiifundisha timu ya mtaa katika ligi za chini, na hapo ndipo hupata jina. Mara nyingi humchukua mwanafunzi wake akamsajili katika timu hiyo ya mtaa, ili kijana acheze hata chuo kinapofungwa. Huo ndio ujanja mkubwa wa kazi hii: kocha humtafutia mchezaji kalenda ya pili, isiyoitii seneti. Wakuu wa michezo katika vyuo hawaupendi, wakihofia majeraha, lakini bila ujanja huo kijana wa miaka ishirini angecheza mechi chache mno kwa mwaka.

Juu ya ngazi kuna nini? Makocha wazalendo wamewahi kufika mbali. Marshall Mulwa aliiongoza timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, kutwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, mwaka 1981, 1982 na 1983. Jacob Mulee, anayejulikana zaidi kwa jina la Ghost, aliifikisha timu hiyo katika fainali za Afrika za mwaka 2004 nchini Tunisia, ambako iliichapa Burkina Faso mabao matatu kwa bila na kupata ushindi wake wa kwanza katika fainali hizo. Hata hivyo shirikisho limezoea kuwatafuta makocha wakuu ng'ambo, na mwaka 2025 kazi hiyo alipewa Benni McCarthy wa Afrika Kusini, kwa hiyo kocha wa chuo anayeota kupanda hadi juu kabisa anaota juu ya kiti ambacho mara nyingi hutangazwa kwa wageni.

Upande wa wanawake mlango uko wazi zaidi kidogo. Chuo Kikuu cha Zetech cha Ruiru kimewahi kuwa na timu, Zetech Sparks, katika ligi kuu ya wanawake, jambo lililompa kocha wa chuo nafasi ya kucheza na klabu kubwa juma baada ya juma. Mwaka 2024 Mildred Cheche aliwaongoza wasichana wa chini ya miaka 17 hadi Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika mashindano ya aina hiyo, na mwaka huohuo Jackline Juma akapewa kazi ya kuifundisha FC Talanta ya wanaume katika ligi kuu ya nchi. Vyuo bado havijayasoma vizuri matukio hayo: msichana anayejiunga na mwaka wa kwanza katika vyuo vingi hukuta timu inayokusanywa majuma machache kabla ya mashindano na kuvunjwa siku ya pili yake.

Kabla ya kuagana, kuna tarehe moja ya kuangaliwa. Chini ya mtaala mpya wa umilisi, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za sekondari ya juu Januari 2026, na mojawapo ya njia tatu wanazochagua ni ile ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambapo michezo ni somo lenye mtihani wala si burudani ya jioni. Wakimaliza Gredi ya 12 mwishoni mwa mwaka 2028, watabisha hodi vyuoni mwaka 2029, wakiwa wamefundishwa kwa ratiba na kupimwa kwa alama. Vyuo vya Nairobi vina miaka mitatu ya kuamua kama atakayewapokea uwanjani atakuwa na kandarasi na saa iliyowekwa katika ratiba ya masomo, au atakuwa bado anawangoja wachezaji wake washuke kwenye matatu jua likizama.